Kupokea Wageni Shambani: Mwongozo Kamili kwa Wakulima wa Kahawa wa Miteremko ya Mlima Elgon

Wengi wanaopanda barabara ya Mbale kwenda Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, wanafuata maporomoko ya maji ya Sipi. Yako matatu, na lile la chini, lenye kimo cha karibu mita 100, ndilo linalopigwa picha kuliko mengine. Mtu akishalowa na kupanda tena ngazi zile, mchana bado mrefu na pesa bado ziko mfukoni. Hapo ndipo anapoanza kuulizia kahawa. Mwongozo huu ni wa mkulima, au majirani walioungana, wanaotaka mgeni huyo aingie shambani, ale, ajifunze, na aache kitu cha maana kijijini. Nawalenga hasa wakulima wa Kapchorwa, Kween, Bulambuli na Sironko, wenye ekari moja au mbili za mibuni chini ya migomba.

Msimamo wangu nauweka mbele mapema: shamba kwanza, mgeni baadaye. Shamba lililotelekezwa halitaokolewa na watalii, na mgeni anatambua upesi kama anaonyeshwa kazi au maigizo. Kila hatua hapa chini imepangwa ili ratiba ya mgeni iifuate ratiba ya kahawa.

Hatua ya 1: Lijue shamba lako upya

Chukua daftari, ulizunguke shamba na mzee aliyeliona likipandwa. Andika mibuni ipi ni ya zamani, ipi imepandwa karibuni, nani aliipanda, na mbegu ilitoka wapi. Kwenye Elgon utakuta ile ya kale inayoitwa Nyasaland, na pia SL14 na SL28. Wageni wanapenda kusikia tofauti zake, lakini wewe mwenyewe una sababu kubwa zaidi ya kuzijua: SL28 inasifiwa kwa ladha na wakati huohuo inashambuliwa sana na kutu ya majani. Mgeni akiuliza kwa nini mti huu umebaki vijiti, uwe na jibu.

Andika pia miti ya kivuli. Mringaringa, mutuba na migomba havikuwekwa hapo kwa urembo. Vinapunguza jua, majani yake yanakuwa matandazo, na mizizi inashika udongo wa mteremko. Ukieleza hilo huku umekanyaga udongo wenyewe, tayari umempa mgeni somo ambalo hotelini halipatikani.

Kisha ongeza historia fupi. Kahawa ya arabika ililetwa Bugisu, yaani upande wa Mbale na Sironko, mwaka 1912, wakati wa ukoloni, na mwaka 1954 wakulima wakapata chama chao kikuu, Bugisu Cooperative Union, kilichonunua na kuuza kahawa yao kwa miongo mingi. Karibu kila boma lina mzee mwenye kumbukumbu za kubeba magunia hadi ghala la ushirika, mara nyingi kwa punda upande wa Sebei, yaani Kapchorwa na Kween. Muulize. Habari zake za punda aliyegoma katikati ya tope zitasikilizwa kwa hamu kuliko tarehe zangu hizi.

Hatua ya 2: Panga kalenda

Maua meupe huchanua baada ya mvua za kwanza, kati ya Februari na Aprili, na hayadumu zaidi ya siku chache. Harufu yake inafanana na ya yasmini. Ukiona machipukizi yamevimba, tuma ujumbe kwa wageni wako wa zamani siku hiyohiyo.

Machi hadi Mei ni mvua kubwa, palizi na kupanda. Huu ni msimu mgumu kwa utalii: njia zinateleza na mawingu yanafunika bonde. Punguza wageni, wala usione haya kuwaambia ukweli.

Mavuno yanaanza sehemu za chini karibu na Agosti, yanapanda mlima taratibu, na sehemu za juu yanafika Januari au Februari. Hii ndiyo faida kubwa ya mteremko. Majirani wa chini na wa juu wakishirikiana, kijiji kinaweza kuonyesha uchumaji kwa karibu nusu mwaka. Disemba hadi Februari, jua likiwaka na kahawa ikiwa juu ya vichanja, ndio wakati wa kupokea wageni wengi. Baada ya hapo kuna kupogoa, na kupogoa nako kuna watu wake, kama nitakavyoeleza mbele.

Hatua ya 3: Kubalianeni nyumbani, kisha na majirani

Nyumbani kwanza. Nani atapika? Nani atafua mashuka? Mara nyingi baba ndiye anayepokea pesa na sifa, na mama ndiye anayeamka saa kumi alfajiri. Mpango wa namna hiyo haufiki msimu wa pili. Gawaneni kazi na malipo kabla mgeni wa kwanza hajafika, na mama wa jiko alipwe mkononi mwake.

Halafu nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Usiende na ombi tu, nenda na maelezo: wageni wangapi, watapita wapi, watalala wapi, kijiji kitapata nini. Suala la njia ndilo linaloleta ugomvi mwingi. Vijia vya kwenda kwenye maporomoko na kwenye miamba yenye mandhari vinapita katika mashamba ya watu, na kila mwenye shamba ana haki ya kudai chochote. Mgeni akisimamishwa mara tatu njiani na kudaiwa pesa kila mara, ataondoka na uchungu hata kama kiasi ni kidogo. Kaeni na wenye mashamba, mkubaliane ada moja ya njia inayolipwa na wewe mwenyeji, ikiwa ndani ya bei. Mgeni asikutane nayo.

Waongozaji nao wapangiwe zamu. Vijana wa barabarani wakianza kuvutana mikono juu ya mgeni mmoja, wote wanapoteza. Daftari la zamu likae mahali pamoja panapojulikana, na anayeruka zamu apoteze inayofuata.

Mwisho, mfuko wa kijiji. Tumieni utaratibu ule ambao vikundi vya kuweka akiba tayari vinaujua: sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hesabu zinasomwa kwa sauti mbele ya wote. Amueni mapema pesa hizo ni za nini, iwe ni bomba la maji au daraja la miti kwenye kijito. Mfuko usio na kazi maalumu huzaa maneno.

Hatua ya 4: Karatasi

Sajili jina la biashara URSB (ofisi ya usajili wa biashara), pata namba ya mlipakodi kutoka URA (mamlaka ya mapato), na leseni ya biashara kutoka halmashauri. Kikundi cha jamii kinasajiliwa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya. Ukilaza wageni, sheria ya utalii ya mwaka 2008 inakuweka chini ya Bodi ya Utalii ya Uganda, kwa hiyo uliza mahitaji yao kabla hujajenga, si baada. Weka kitabu cha wageni chenye jina, nchi na namba ya kitambulisho.

Jambo moja lisichezewe: msitu wa juu ni Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon. Kuingia humo ni kwa kibali cha mamlaka ya wanyamapori, UWA, na askari wao. Mwongozaji anayempitisha mgeni kichochoroni ili kuokoa ada anakihatarisha kijiji kizima.

Hatua ya 5: Safari ya kahawa, kutoka mtini hadi kikombeni

Hapa ndipo penye utajiri, basi tukae.

Tatizo la kwanza ni muda. Mgeni ana saa tatu, na kahawa inahitaji wiki mbili au tatu. Dawa yake ni kuwa na kila hatua tayari kwa wakati mmoja: matunda mtini, buni zilizomenywa jana zikiwa kwenye ndoo, nyingine zikikauka kichanjani, na pachimenti (buni zikiwa bado na ganda la ndani) iliyokauka ikiwa kwenye gunia. Anachokianza kwenye kituo kimoja, kituo kinachofuata atakikuta kimeshaiva.

Uchumaji. Mfundishe kuchuma tunda jekundu tu, kwa kulizungusha kidogo, bila kuvuta kikonyo. Akikwanyua kikonyo anaharibu mahali ambapo maua ya msimu ujao yatatokea, na ni haki yako kumwambia hivyo kwa upole. Mpe kikapu kidogo na sehemu ya miti michache. Wachumaji wako wa kweli waendelee na kazi yao pembeni bila kusumbuliwa.

Kuchagua. Mwaga matunda kwenye ndoo ya maji. Yanayoelea ni mepesi, mara nyingi yameliwa na wadudu au hayakujaa. Hatua hii ni rahisi na watoto wa wageni wanaipenda mno.

Kumenya. Mashine ya mkono inatosha. Mwache mgeni azungushe mpini, lakini vidole viwe mbali na mdomo wa mashine. Maganda yarudi shambani kuwa mboji, na maji machafu ya kahawa yasimwagwe mtoni. Mgeni makini ataliangalia hilo, na jirani wa chini analiona kila siku.

Kuchachusha na kuosha. Buni zenye utelezi hukaa kwenye ndoo au tanki saa 12 hadi 36. Huku juu kwenye baridi muda unarefuka. Usitegemee saa peke yake: chota kiganjani, sugua. Zikikwaruza badala ya kuteleza, osha kwa maji safi.

Kuanika. Tandaza kwenye kichanja, si chini. Geuza mara kwa mara, funika usiku na mvua ikinyesha. Lengo ni unyevu wa karibu asilimia 12. Wazee hupima kwa jino, wanunuzi wakubwa wana kipimo chao. Mwonyeshe mgeni njia zote mbili kama unaweza, kisha mwulize ipi anaiamini.

Kukoboa na kukaanga. Twanga pachimenti kwenye kinu, pepeta kwa ungo, chagua zilizovunjika. Kisha chungu au kikaango kizito juu ya moto mdogo. Koroga bila kuacha, dakika 15 hadi 20 hivi. Buni zitageuka njano, halafu kahawia, kisha zitaanza kupasuka kwa sauti. Hapo ndipo mahali pa kubishana. Wengi wetu huku tumezoea kuikaanga hadi nyeusi, na hivyo tunaunguza ladha ileile ambayo wanunuzi wa nje wanailipia. Ushauri wangu ni kukaanga mafungu mawili, moja litolewe muda mfupi baada ya mpasuko, lingine liachwe hadi liwe jeusi, halafu mgeni aonje yote mawili. Mwaga kwenye ungo upesi, pepea zipoe.

Kupika. Twanga, weka gramu 60 kwa lita moja ya maji yaliyotoka kuchemka, acha dakika nne, chuja. Tangawizi na sukari viwe pembeni. Kikombe cha kwanza kiwe kahawa tupu.

Nje ya mavuno, safari hii bado inawezekana kwa pachimenti uliyoihifadhi. Iweke mahali pakavu, juu ya mbao, mbali na mafuta ya taa na moshi, maana kahawa hunyonya harufu ya jirani yake.

Hatua ya 6: Chakula na kulala

Pika mnachokula, ila kwa usafi usio na shaka. Posho (ugali wa mahindi), matooke (ndizi za kupika), maharagwe, mboga za majani. Upande wa Bugisu, malewa, yaani machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa na karanga, ni chakula ambacho mgeni hatakipata Kampala kirahisi. Upande wa Sebei, maziwa ya kibuyu. Maziwa yachemshwe kabla ya kugandishwa, na mgeni aonjeshwe kidogo kwanza. Rolex ya asubuhi, yaani chapati iliyoviringwa na mayai, nayo haina aibu yoyote.

Kwa kulala, mambo manne yanatangulia mapambo: kitanda imara, blanketi nzito (Sipi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na usiku kuna baridi), choo safi chenye kufungwa kwa ndani pamoja na maji ya kunawa, na mlango wenye kufuli. Chandarua kiwepo. Maji ya kunywa yachemshwe. Kama hujayafikia haya, anza na wageni wa mchana tu. Pesa za mwanzo ziende chooni kabla ya kwenda kwenye bango.

Hatua ya 7: Bei

Kosa la kawaida ni kutaja bei ya jirani ukapunguza elfu tano. Piga hesabu yako. Tuseme wageni wawili wanakuja kwa safari ya kahawa na chakula cha mchana. Mwongozaji shilingi za Uganda 20,000, viungo vya chakula 16,000, mpishi 10,000, kahawa na kuni 6,000, mwenye njia 4,000, mfuko wa kijiji 4,000. Jumla 60,000. Ukiwatoza 30,000 kila mmoja, nyumba yako imefanya kazi bure. Ukiwatoza 45,000, zinabaki 30,000. Takwimu hizi ni mfano, weka zako.

Kahawa ya kwenda nayo nayo ina mtego. Kilo moja ya kahawa iliyokaangwa inahitaji karibu kilo saba za matunda mabivu, kwa sababu ganda linaondoka, maji yanaondoka, na moto nao unachukua sehemu yake. Kama kilo ya matunda mahali pako inanunuliwa kwa 3,000, basi pakiti ya gramu 250 imebeba matunda ya 5,250 kabla ya jasho lolote. Ukiiuza 5,000 umemlipa mgeni aichukue. Na ukitaka pakiti hizo zifike madukani zikiwa na jina lako, utahitaji alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la taifa.

Bei iandikwe ukutani, pamoja na mgawanyo wake. Mgeni akiona fungu la kijiji limeandikwa, hapigi kelele.

Hatua ya 8: Mila, watoto na picha

Wageni watauliza kuhusu imbalu, tohara ya wanaume ya Wagisu, inayofanyika miaka inayogawanyika kwa mbili na kufunguliwa uwanja wa Mutoto karibu na Mbale. Ngoma za barabarani ni za watu wote. Ua wa familia ni jambo lingine: mwenye mji ndiye anayekaribisha, na mwongozaji asiuze nafasi ambayo si yake. Upande wa Sebei watauliza kuhusu ukeketaji. Jibu ni fupi: sheria iliupiga marufuku mwaka 2010, na wazee wa Sabiny, watu wa Sebei wenyewe, walikuwa wakiupinga tangu miaka ya 1990. Asilazimishwe mwanamke yeyote kusimulia yaliyompata ili mgeni apate habari.

Watoto wabaki shuleni saa za shule, hata kama wanacheza ngoma vizuri. Peremende na sarafu barabarani zinawafundisha kuomba, hivyo mwenye moyo wa kutoa aelekezwe kwenye sanduku la kijiji. Picha ya mtu iombwe kwanza.

Na wanariadha. Joshua Cheptegei, mtoto wa Kapchorwa, alichukua dhahabu ya mita 10,000 Paris mwaka 2024, kwa hiyo kila mgeni mwenye viatu vya kukimbia atataka kujaribu mlima. Mtafutie kijana wa kukimbia naye alfajiri, kwa malipo. Nyumbani kwa wanariadha pasigeuzwe kituo cha matembezi.

Hatua ya 9: Mvua na mteremko

Mlima huu umeshaua. Maporomoko ya udongo yalifunika Nametsi, Bududa, Machi 2010, na yakaipiga Bulambuli Novemba 2024. Mvua ikinyesha mfululizo, safari inaahirishwa bila mjadala na pesa zinarudishwa au tarehe inasogezwa. Chagua njia isiyopita chini ya kingo zenye nyufa, weka vishikio kwenye ngazi, uwe na sanduku la huduma ya kwanza na namba ya gari linaloweza kufika hospitali ya Kapchorwa usiku. Kamba za kushukia miamba waachie wenye ujuzi na vifaa.

Hatua ya 10: Wapi utawapata

Wengi hukimbilia wageni wa Ulaya na kusahau walio karibu. Tangu barabara ya Kapchorwa hadi Suam mpakani, kilomita 73, iwekwe lami, mtu wa Kitale, Kenya, anaweza kufika kwako asubuhi. Mkenya anaingia kwa kitambulisho chake cha taifa, na mtaelewana kwa Kiswahili bila mkalimani. Ila usimwonyeshe jembe, analo kwao. Vikundi vya wakulima wanataka kuona kupogoa, matandazo, kuzuia kutu ya majani, hesabu zako. Kwa hao msimu wa kupogoa una thamani kuliko wa maua. Shule nazo zinatafuta mahali pa ziara karibu na nyumbani: bei ndogo, idadi kubwa, siku za katikati ya wiki ambazo watalii hawapo.

Weka shamba kwenye ramani ya Google na picha zako mwenyewe, ikiwemo ya choo. Jibu WhatsApp siku hiyohiyo. Ujumbe wa kwanza uwe na mambo haya: kinachoendelea shambani wiki hii, safari inachukua saa ngapi, bei na kilichomo, viatu vya kuvaa, mahali pa kushukia teksi na nauli ya boda kutoka hapo, na namba ya MTN au Airtel ya kulipia arubuni, yenye jina lilelile lililoandikwa kwenye bango la barabarani.